Mondo Asiyekuwa Kwenye Orodha

Nilitoka Naro Moru Jumatatu kwa sababu ndugu yangu Muriithi alinipigia simu mara tatu kabla ya saa mbili asubuhi. Muriithi si mtu wa simu. Tangu tumzike mama yetu, tulikuwa tunasalimiana kwa ujumbe mfupi tu, Krismasi na Pasaka. Alipopiga mara ya kwanza mkono wangu ulikuwa ndani ya ng'ombe wa jirani hadi begani, ndama amekaa vibaya. Mara ya pili nilikuwa nanawa. Mara ya tatu nikashika, naye hakusalimia.

"Mwari wa maitu," alisema, yaani binti wa mama yangu, jina analoniita akiwa na shida. "Watu wa wanyamapori wanakuja Alhamisi. Nataka ripoti ya daktari, na yule wangu hashiki simu."

Mimi ni daktari wa mifugo. Siku zangu ni za ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa wachache wenye bahati. Muriithi naye ana mahali pa nyama choma kule Kamakis, kando ya baipasi upande wa Ruiru, na nyuma ya majiko amejenga bustani ndogo ya wanyama. Wazazi wakingoja nyama iive, watoto wanaenda kuangalia mbuni, kobe, tumbili na korongo mwenye taji. Kuweka wanyama pori namna hiyo si kama kufuga kuku. Unahitaji kibali cha serikali, na kibali hutaja kila aina ya mnyama uliyeruhusiwa kuwa naye. Cha Muriithi kilikuwa karibu kuisha. Bila ripoti ya daktari hakingeongezwa.

Nilimwambia nitakuja. Nilipokata simu nikajikuta nimesimama katikati ya boma na kopo la sabuni mkononi, na sijui nilikuwa naenda wapi nalo.

Saa nne nikawa barabarani na pikapu yangu. Safari ya Thika kutoka kwetu si ndefu, lakini siku hiyo niliigeuza kuwa ndefu. Nilisimama Karatina bila sababu. Nikasimama Sagana, nikanunua samaki ambaye sikumla. Nikasimama tena Makutano, kina mama wa mchele wakanizunguka na mifuko yao, nami nikawa nawajibu huku macho yapo kwenye simu, nasoma sheria ya wanyamapori. Nilikuwa nimeisoma chuoni, nikafanya mtihani, nikaisahau. Sasa niliisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Kuonyesha wanyama kwa umma, kibali. Kuwahamisha, kibali. Kila mnyama aandikwe kwenye daftari, alikotoka, aliyezaa, aliyeugua, aliyekufa. Afisa anaweza kuja kukagua, na daktari akiandika uongo, huo uongo ni wake. Hakuna aliyekuwa ameniomba uongo. Hata hivyo nilikuwa natafuna kucha.

Thika, saa tisa alasiri. Muriithi anakaa Ngoingwa, na mara ya mwisho nilipokuwa hapo nyumba yake ilikuwa imezungukwa na mahindi. Sasa gorofa mbili zimeinuka kila upande, na jua linafika uani kwake kwa saa chache tu. Nilipita lango mara mbili kabla ya kulijua. Mkewe, Wanja, alinipokea kwa chai na mkate uliopakwa siagi nene, akaniuliza habari za watu wote wa Naro Moru mmoja mmoja, kama mtu asiyetaka mazungumzo yafike mahali fulani.

Muriithi alikuja saa kumi. Amenenepa, na ndevu zimeanza kuota mvi. Alinikumbatia kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa umebeba faili.

"Kila kitu kiko hapa," alisema. "Kibali, barua, daftari. Wewe kazi yako ni kuangalia hao wanyama, useme ni wazima, uweke sahihi na muhuri. Halafu tukule mbuzi."

Nililifungua lile daftari. Kurasa za mwaka mzima zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ile ile, kwa mwandiko ule ule usiobadilika, kana kwamba mtu alikaa chini jioni moja akaumaliza mwaka. Nikalifunga. Nilijua jinsi wakulima wangu wanavyojaza kadi za chanjo.

Wanja alifungua friji ya barafu atoe kuku wa chakula cha jioni. Nilikuwa nimesimama karibu naye, maana kukaa kulikuwa kumenishinda, na nikaona mifuko midogo imepangwa upande mmoja. Nyama laini, imekatwa vipande kama vya kumlisha mtoto, haina mfupa hata mmoja. Kila mfuko ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyeusi: Kachui.

"Kachui ni nani?" nikauliza.

Wanja alifunga friji kwa nyonga. "Muulize ndugu yako."

Nilimuuliza tukiwa mezani. Muriithi alisema ni mbwa wa kule kazini, mbwa wa kulinda, watoto ndio wamempa jina hilo. Alisema haraka, akaongeza mchuzi kwenye sahani yangu kabla sijaomba. Nilijua hakuna mbwa wa kulinda anayekatiwa nyama ndogo namna ile. Na kati ya wanyama wote waliotajwa kwenye kibali, hakuna hata mmoja ambaye ungemwekea nyama ya ng'ombe.

Kamakis, Jumanne saa mbili asubuhi. Majiko yalikuwa yamewashwa tayari, na moshi wa jana bado umelala kwenye mabati. Kijana wa muziki alikuwa anajaribu spika. Ukipita majiko, ukipita pia vyoo, unafika kwenye ukuta wa mawe wenye mlango wa kijani, na ndani yake ndiyo bustani. Si kubwa. Ningesema mahali pa kucheza mpira wa shule ya msingi, tena nusu.

Huko nilimkuta Mama Zainabu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyevaa gambuti na leso kichwani, mzaliwa wa Majengo ya Thika. Ndiye anayewatunza hao wanyama. Nilimpenda mara moja kwa sababu hakunionyesha wanyama, alinitambulisha kwao.

"Huyu kobe hapendi nyanya, daktari. Na huyu mkubwa ni mchokozi, chunga vidole. Yule korongo alikuja na bawa limevunjika, ndiyo maana haruki. Ana karatasi yake."

Nilifanya kazi yangu. Mbuni walikuwa wazima. Kobe mmoja alikuwa na gamba laini kidogo, nikaandika. Tumbili waliotajwa kwenye kibali ni wanne, nami nikahesabu sita.

"Wawili wamezaliwa hapa," Mama Zainabu alisema. "Nilimwambia mdosi aandike."

Mwishoni kabisa, nyuma ya mgomba, kulikuwa na kizimba cha wavu mpya, kirefu kwenda juu, kikiwa na gogo la kupandia na sanduku la kulalia. Kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa imeoshwa kwa dawa ya kufulia hadi ikaniwasha macho, lakini kuna harufu ambayo dawa ya kufulia haiwezi kuiondoa, na mtu aliyetibu paka hata wawili anaijua. Kwenye wavu, juu kuliko kiuno changu, zilikuwa zimenasa nywele chache za rangi ya mchanga, nyingine nyeusi.

"Hapa kuna nani?"

"Hapana mtu, daktari."

"Sijauliza mtu, Mama Zainabu."

Aliangalia upande wa majiko, ambako sauti ya Muriithi ilikuwa inasikika akibishana na wachoma nyama. "Nimeambiwa nisiseme."

"Basi usiseme. Niambie tu kama anatembea vizuri."

Hapo uso wake ukakunjamana. Alivuta leso akajipangusa nayo. "Hatembei vizuri. Miguu ya nyuma inayumba kama ya mlevi. Zamani alikuwa anaruka hadi juu ya lile gogo, siku hizi analiangalia tu. Wallahi nimesema hadi nimechoka. Nikaambiwa ni uvivu, ameshiba."

"Yuko wapi?"

"Mugutha. Walimpeleka Jumapili. Ufunguo ninao, maana mimi ndiye napeleka chakula."

Mugutha, saa sita mchana. Tulienda na pikapu yangu, nikiwa nimemwambia Muriithi kwamba naenda kutafuta dawa ya kobe. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika safari hii, na ulinitoka kwa urahisi ulionishtua. Kwenye ploti moja iliyojaa kokoto na vyuma, Muriithi anajenga nyumba za kupangisha ambazo bado hazina madirisha. Nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na banda la kuku.

Ndani ya banda hilo alikuwa mondo. Kwa msiyemjua, mondo ni paka-pori mwenye miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama, na madoadoa yanayofanya watu wamwite chui mdogo. Huyu alikuwa jike ambaye hajafikisha mwaka. Alikuwa anatembea hatua nne, anageuka, hatua nne, anageuka, na kila akigeuka miguu ya nyuma inamtoka, anakaa chini bila kupenda, halafu anainuka aanze tena. Nilimwangalia kwa dakika nyingi kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa natembea vivyo hivyo.

Mama Zainabu aliingia, akaketi kwenye udongo, akamwita kwa kubofya ulimi. Mnyama akaja akaegemeza kichwa pajani kwake. Nilimpapasa taratibu. Nilipofika kwenye mapaja ya nyuma alitoa sauti ndogo, si ya hasira, na mimi nikaondoa mkono.

Hao watoto wa paka wanaolishwa nyama laini tupu mifupa yao haikomai. Wanahitaji kula mnyama mzima, panya, kware, pamoja na mifupa yake. Bila hivyo, mwili unachota chokaa kutoka kwenye mifupa yenyewe, na mifupa inabaki myembamba kama ganda la yai. Muriithi hakuwa anamnyima. Alikuwa anamlisha nyama nzuri kuliko wanayokula watoto wengi wa Ruiru, na kwa hiyo nyama alikuwa anamlemaza.

Mama Zainabu alinisimulia. Mtu alikuja na katoni, mondo akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, akasema wamemwokota kwenye ngano wakati wa kuvuna, upande wa Narok, mama yake hayupo. Muriithi alimchukua kwa huruma, hilo naliamini mpaka leo. Lakini wiki haikuisha kabla watoto wa wateja hawajaanza kupiga foleni kumwona. Akamjengea kizimba. Sheria hapo haina maneno mengi: ukimpata mnyama pori yatima au mgonjwa, unawaarifu maafisa mara moja, wao ndio wanaoamua anakokwenda. Muriithi hakuwaarifu. Na sasa kila mwezi uliopita ulikuwa umeongeza ugumu wa kupiga hiyo simu.

Nilitoa simu yangu. Namba ya maafisa ilikuwa juu ya barua iliyokuwa kwenye faili, na faili lilikuwa kwenye kiti cha pikapu. Niliiandika namba yote. Kidole kilikaa juu ya kitufe.

Halafu nikaifuta. Nilijiambia kwamba ni haki ndugu yangu asikie kutoka kwangu kwanza.

Ngoingwa, jioni hiyo, saa kumi na moja. Nilimwomba Muriithi tutoke tutembee, kwa sababu nisingeweza kuyasema nikiwa nimekaa kwenye kochi la Wanja. Tuliteremka barabara ya udongo, boda boda zikitupita na watu wanaorudi kutoka mjini.

"Nimemwona," nikasema.

Hakuuliza nani. Alitembea hatua kadhaa. "Zainabu."

"Zainabu hakusema. Kizimba ndicho kilisema. Muriithi, huyo mnyama anaumwa. Mifupa yake ni ganda. Akianguka vibaya, inakatika."

"Basi mtibu. Si wewe ni daktari?"

"Nitamtibu. Na nitamwandika."

"Kwani nani amekuuliza yeye? Andika wale walio kwenye karatasi. Wale ni wazima, hiyo si uongo."

"Ripoti ni ya wanyama wote walio mikononi mwako."

"Mikononi mwangu!" Alisimama. "Wewe unajua nini juu ya mikono yangu? Wakati uko Kabete unasomea huo udaktari, nani alikuwa anamgeuza maitu kitandani? Nani alikuwa anamwosha? Nilitoka shule. Wewe ulikuja na digrii na keki. Na mimi nimewahi kukuomba kitu? Hiki ndicho kitu cha kwanza, Wangari. Karatasi moja."

Nilisogea kando boda boda mbili zipite. Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Wanaweza kunifunga," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua hiyo?"

"Ndiyo maana nataka upige wewe. Kabla hawajaja. Mtu aliyejisema mwenyewe si kama mtu aliyeshikwa akificha. Nakupa hadi kesho saa nane mchana. Usipopiga, nitapiga mimi."

Aliniangalia kama vile nimevua uso nikavaa mwingine, halafu akarudi nyumbani peke yake. Mimi niliendelea kutembea mpaka nyumba zikaisha.

Jumatano, tangu alfajiri, sikuweza kutulia. Wanja aliniwekea uji, nikaunywa nimesimama. Muriithi alikuwa ametoka kabla ya sisi kuamka. Niliandika ripoti kwenye meza ya jikoni, nikaiandika upya, mondo nikimweka ukurasa wa kwanza badala ya wa mwisho. Saa nne nilimpigia Muriithi, simu ikalia bila kushikwa. Saa tano haikuwa inapatikana. Nilipanda pikapu.

Mugutha, karibu saa sita. Mlango wa banda la kuku ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na bakuli la maji lililomwagika, na hakuna mnyama.

Sijui nilivyoendesha hadi Kamakis. Nakumbuka tu Mama Zainabu akija mbio kwenye maegesho, gambuti zikipiga kelele. Hakuwa na habari yoyote. Tulisubiri pamoja kwenye mlango wa kijani, yeye akisali chinichini, mimi nikitembea kutoka ukutani hadi kwenye pikapu na kurudi. Nilikuwa na namba ya maafisa tayari kwenye simu. Saa nane haikuwa imefika. Nilikuwa nimempa neno langu, na nikawa nalilinda hilo neno kama kitu cha maana sana.

Saa saba na nusu gari la Muriithi liliingia, polepole mno. Alishuka akaacha mlango wazi. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sanduku la mbao la kubebea soda, limefungwa kwa kamba.

"Mwari wa maitu," alisema. "Kuna rafiki yangu kule Juja alikubali kumweka mpaka watu wapite. Gari la mbele lilisimama ghafla, na mimi nikakanyaga breki. Nikasikia. Nilisikia ukikatika, Wangari. Kama kijiti."

Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya goti, na mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Nilimchoma sindano ya kumlaza pale pale, Mama Zainabu akimshika kichwa. Nilisafisha jeraha, nikalifunga, nikafunga gango la mti kwenye mguu ambao haukuwa na mfupa wa kushikilia chochote. Muriithi alinishikia taulo. Nilipomaliza hakuniuliza kama saa nane imefika. Alichukua simu yake, akaenda akasimama karibu na kizimba kitupu, nikamsikia akisema majina yake yote matatu, kama shuleni.

"Ndiyo, madam. Mondo. Hapana, hayuko kwenye kibali. Hapana, madam, mimi ndiye nimemhamisha. Mara mbili."

Kamakis, saa kumi jioni. Walikuja maafisa wawili, mwanamke na dereva wake. Yule mwanamke alikuwa mfupi, sare imepigwa pasi vizuri, sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi muziki uzimwe ili tumsikie. Alimwangalia mondo kwanza. Kisha akapima vizimba kwa hatua, akahesabu tumbili, akafungua daftari, akatelezesha kidole kwenye ule mwandiko usiobadilika.

"Hii umeandika lini?" alimuuliza Muriithi.

"Wiki iliyopita."

"Yote?"

"Yote."

Alifunga daftari. "Bwana, watu wengi wanafikiri kibali ni cha kumiliki. Mnyama pori ni wa nchi. Wewe umeruhusiwa kumtunza, na daftari ndilo macho yetu siku zile ambazo hatuko hapa. Ukilijaza kwa siku moja, umetufunga macho."

Muriithi aliitikia kwa kichwa. Alimwambia kuhusu katoni, kuhusu ngano, kuhusu Mugutha na Juja, bila kuficha. Afisa aliandika yote. Alisema mondo anachukuliwa leo hii, bustani inafungwa kwa umma hadi ikaguliwe upya, na Muriithi ataenda kuandikisha maelezo kesho asubuhi, na baadaye mahakamani. Alisema kupiga kwake simu kutaandikwa pia.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimemkabidhi ripoti yangu, na nitasema ukweli, nilikuwa nangoja shukrani.

"Daktari, hapa umeandika ulimkagua Mugutha. Siku gani?"

"Jana."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Na ukaona kwamba mifupa ni dhaifu, akihamishwa inaweza kuvunjika. Umeandika hivyo."

"Ndiyo."

"Ulimwambia nani?"

"Ndugu yangu."

Aligeuza ukurasa. Hakuwa mkali hata kidogo, na afadhali angekuwa. "Kituo chetu cha karibu kina gari lenye sanduku la kubebea wanyama na daktari wa wanyamapori. Jana tungefika hapa kabla ya saa kumi. Sisi ulitupigia lini?"

Mama Zainabu aliangalia chini. Muriithi akafungua mdomo anitetee, na nikamwekea mkono begani anyamaze.

"Sikuwapigia," nikasema.

Akaliandika hilo nalo, kwenye mstari wake, kwa mwandiko mzuri.

Mondo alipopakiwa alianza kuzinduka na kukataa maji. Afisa alimruhusu Mama Zainabu apande gari pamoja naye, siku mbili tatu, mpaka azoee mikono mingine. Aliondoka hivyo hivyo na gambuti zake, leso imefungwa kiunoni, bila kuaga mtu.

Alhamisi nilimsindikiza Muriithi kuandikisha maelezo, nami nikaandika yangu. Ijumaa asubuhi Wanja alinifungia chapati kwenye gazeti, na Muriithi akanisaidia kupakia vitu. Alipofunga mlango wa pikapu alishika dirisha kwa muda, kisha akaliachilia. Niliendesha kutoka Thika hadi Naro Moru bila kusimama mahali popote.

Watu wa kwetu waliniuliza nimejifunza nini huko chini. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba sheria kama hii ni ya kuwashika watu wabaya, na kwa kuwa ndugu yangu si mtu mbaya, nilihisi kuna nafasi katikati, siku moja ya heshima kati ya mtu na mtu. Mnyama hakuwa na hiyo siku. Tangu hapo, mkulima akiniita kuhusu kitoto cha swala kilichokutwa shambani, hunikuta nimeshapiga simu kabla hajamaliza kunieleza. Wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike.

Mahakama ilimtoza Muriithi faini na haikumfunga. Bustani ilifunguliwa tena baada ya miezi, ikiwa na mbuni, kobe na korongo, bila tumbili, na daftari ambalo Mama Zainabu analijaza mwenyewe kila jioni. Mondo anaishi kwenye kituo cha kutunzia wanyama ambacho kibali chake kinamtaja. Mguu haukuunga, ikabidi ukatwe.

Muriithi alinipigia simu Jumapili moja, bila shida yoyote. Alikuwa ametoka kumtembelea mondo. Tuliongea juu ya mvua, juu ya kaburi la maitu linalohitaji kupaliliwa. Halafu akaniita kwa jina.

"Wangari. Ungepiga simu ile Jumanne, ningekuchukia."

"Najua."

"Labda mpaka leo."

"Najua, Muriithi."

"Lakini angekuwa na miguu minne."